Mwanamuke Niliyemutoa mu Picha

Kazi ya leya, ya kutengeneza picha mu kompyuta, nilijifunza mu ile miezi ambayo serikali inafunga ziwa ili samaki wazae. Mu Kashikishi, miezi ile kila mutu anakaa na hasira. Boti zinalala juu ya muchanga, wavuvi wanacheza drafti tangu asubuhi, na ku soko la chisense, dagaa wetu, unaweza kupita bila kukanyaga mutu muguu. Watu hawapigi picha wakati hakuna samaki. Mu studio yetu tulikuwa na kompyuta mbili, pazia moja lenye kuchorwa maporomoko ya maji, na kimya. Siku moja bosi akasema, bon, keti hapa, nikufundishe kitu kuliko kukuangalia unapiga miayo.

Mimi ni mutu wa ng'ambo ya ziwa, wa upande wa Kongo. Nilivuka na shangazi yangu nikiwa msichana, tukauza vitenge na sabuni hapa miaka mingi, mpaka miguu ikamukatalia akarudi kwetu. Mimi nikabaki. Kibemba nasema cha kutosha kusalimu, kusali na kugombana, lakini mambo ya roho yananitoka kwa Swahili ya kwetu, ndiyo maana haya nayaandika hivi. Na ni mambo ya roho kweli. Nimeyabeba muda mrefu na yamenichosha.

Bosi alikuwa mutu wa Mansa, mufupi, wa kuvaa tai hata joto likiwa la kuua. Alifundisha vizuri, hilo sitamunyima. Akaniambia: "Unajua meza ya nyumbani kwenu? Kuko kitambaa kizuri cha kushonwa, na juu ya kitambaa mama anatandika nailoni inayoonyesha. Supu ikimwagika, inamwagika juu ya nailoni. Unapangusa, kitambaa kiko salama. Leya ni nailoni. Picha ya mutu ni kitambaa. Unaweka nailoni moja, mbili, kumi, unachora juu yake unavyotaka. Kitambaa haukigusi hata siku moja."

Halafu akaongeza lile ambalo lingeniokoa kama ningekuwa na masikio. Picha ikija mu kadi ya simu ya mutu, unaitoa kwanza ku kadi, unaiweka mu mashini yetu, unafanya kopi, ndipo unaanza kazi. Kadi ya mutu si mahali pa kufanyia kazi. Alinifanya nirudie mara tatu. Nilirudia huku naangalia inzi kwenye dirisha.

Kwa juma mbili nilikuwa fundi, ao nilijiona fundi. Nilitoa watu mu uwanja wa soko nikawaweka mbele ya ndege kubwa. Nilimuondolea dada mumoja wa kwaya chunusi zote za uso, akanibusu. Nilimufuta mbuzi aliyejiingiza mu picha ya ubatizo. Nilikuwa na kiburi cha mutu aliyejua kuendesha baiskeli jana, anayetaka kila mutu amuone akipita bila kushika usukani. Kilichonitamu zaidi kilikuwa kufuta. Kuweka kitu kila mutu anaona. Kufuta, ukifanya vizuri, hakuna anayejua kama ulipita pale, na mimi nilipenda lile.

Ziwa likafunguliwa, kelele zikarudi. Haikupita hata juma, mwanaume mumoja mwenye boti akafa. Homa ya siku tatu, basi. Asubuhi yake dada yake akaingia studio, macho mekundu, mu mukono ana kadi ya simu ya marehemu. Bosi alikuwa amekwenda Nchelenge, ku ofisi za baraza, kugonga muhuri wa karatasi zake. Nilikuwa peke yangu.

Alitaka picha kubwa ya kuweka mbele ya sanduku, na alitaka kabla ya saa tisa. Nikatia kadi mu mashini, tukatafuta pamoja. Picha nyingi zilikuwa za giza, za boti, za samaki. Moja tu ilikuwa nzuri. Marehemu amekaa kwenye kiti, amevaa suti ya kijivu, anacheka. Mwanamuke amesimama kando yake, mukono umelala juu ya bega lake. Nyuma yao mama muzee. Chini, mbele ya miguu ya marehemu, vyungu vya chakula vimepangwa kwa mustari, vimefunikwa kwa vitambaa.

"Hii," dada akasema. "Lakini yeye peke yake. Huyu mwanamuke, toa. Mama muzee, toa. Na ile vyungu yote."

Yule mwanamuke nilimujua. Alikuwa mutu wa kwetu ng'ambo, alianika chisense pa muchanga karibu na mizani, na kila nikinunua kwake alikuwa ananiongezea kofi moja juu ya kipimo, anasema, ya mutoto wa kwetu. Nikauliza: "Mama, lakini huyu si bibi yake?"

"Bibi gani?" akanijibu. "Nani mu famili yetu alikula chakula ya hiyo harusi? Alikuwa anamupikia tu."

Mutu wa mbali anaweza kushangaa, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu, kukaa nyumba moja na mwanaume hakukufanyi bibi yake. Kinachokufanya bibi ni watu wako. Siku moja mama yako na shangazi zako wanapika vyakula vya kila namna, wanavileta mu vyungu, wanavipanga mbele ya mukwe wao na kumufunulia kimoja kimoja. Wanaita matebeto. Mwanaume aliyepikiwa vile ni mukwe, hakuna wa kubisha. Wao walifanya ku ng'ambo, kijijini kwa mwanamuke, na mu famili ya mwanaume hakuna aliyevuka. Alivuka na rafiki mumoja tu, na yule rafiki alishakwenda kutafuta kazi ku migodi, hata simu yake haiingii. Vile vyungu mu picha ndivyo vilikuwa mashahidi wake. Haya yote niliyaelewa nilipoona picha. Sitajitia ujinga leo.

Nilimuhurumia, ndiyo, kama mutu anavyohurumia huku mukono umeshashika mausi. Nikaanza na mama muzee juu alikuwa mwepesi. Alikuwa nyuma, mbele ya ukuta mutupu, nikamufunika kwa kipande cha ukuta, dakika moja kaisha. Vyungu nikavitoa kwa kukata picha pa magoti. Mwanamuke mwenyewe akatoka bila shida. Kazi ilikuwa ule mukono pa bega. Nilichukua kitambaa cha bega la pili nikakigeuza, nikakilaza juu, nikaweka leya nyingine ya kivuli, nyingine ya mushono wa suti. Kidole kimoja kimoja. Nilisahau dada amekaa pa benchi, nikasahau kama kuko mufu. Kidole cha mwisho kilipopotea, nilicheka peke yangu kwa furaha. Lile cheko ndilo linaloniuma kuliko yote. Hakuna aliyenilazimisha kucheka.

Umeme ulikuwa unachezacheza, mashini imekuwa nzito kwa leya zile, na dada alikuwa anasema haraka, haraka. Nikaziunganisha zote kuwa moja, nikabonyeza kuhifadhi. Mashini ikauliza kitu, nikajibu ndiyo bila kusoma. Nikachapisha. Dada alipoiona akalia, akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu akubariki. Ni wakati wa kutoa kadi ndipo nikafungua tena, nijue tu. Mwanaume wa suti ya kijivu alikuwa peke yake mu kadi pia. Nilikuwa nimefanya kazi ndani ya kadi yenyewe, juu ya kitambaa. Mu mashini yetu hakukuwa na kopi. Hakukuwa na kitu.

Nikampa dada kadi yake, nikamusindikiza mpaka pa mulango. Bosi aliporudi akaniuliza kama kulikuwa na kazi, nikasema ndiyo, picha moja ya kilio, imekwenda vizuri.

Ku kilio nilikwenda. Picha ilikuwa mbele ya sanduku, kila mutu anaisifu, wanasema utafikiri atasema. Mwanamuke wake hakuwa ndani pa mukeka, mahali pa mufiwa. Walimuketisha nje na majirani. Aliiangalia ile picha kwa muda, halafu akaangalia chini. Mimi nikajipa kazi ya kuchota maji ili nisikae karibu naye.

Miezi ikapita. Halafu siku moja, saa za mchana, bosi amekwenda kula, yule mwanamuke akaingia studio. Amefunga kitambaa cheusi kichwani, amekonda. Tangu kilio hakuwa amerudi ku soko, wenye kufiwa hawaendi kuuza.

"Mutoto wa kwetu," akaniambia, "wanamaliza matanga siku ya pili ya juma ijayo. Muyomba wa bwana yangu, ndugu ya mama yake, atakuja na ushanga mweupe. Akinifunga pa mukono, niko bibi aliyefiwa, wamenifungua, naweza kwenda na kukaa kama watu. Akikataa, nitabeba mufu mu mugongo mpaka nami nikufe. Hakuna mutu mwingine wa kunifungua, hata padri. Ni wao tu." Akapumua. "Wanasema nilete ushahidi. Foto ilikuwa mu simu yake. Dada yake ananiambia mu kadi haimo tena. Nimesikia waliileta hapa. Angalia mu mashini yako, mama, hata kama ni kiloko, ndogo tu."

Ningemwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu, mulango umefungwa nusu, hakuna wa kusikia. Nikajifanya kutafuta. Nikafungua hiki, nikafunga kile, na yeye amesimama nyuma ya kiti changu ananiombea. Mwishoni nikasema: "Mashini imekula, dada yangu. Mashini hizi ni muzee."

Hakulia. Alisema tu, "Mama yangu, yule wa mu picha, naye amekufa. Ningemuleta yeye mwenyewe, shangazi zangu peke yao hawawakubali."

Ndipo mudomo wangu ukasema: "Ninaweza kuirudisha."

Hadi leo nikikumbuka nataka kujipiga kofi. Nilimueleza kwamba nitamupiga picha upya, nitamuweka kando ya bwana yake juu ya leya, nitaweka na vyungu, itakuwa kama ile ile. Akaogopa. Akauliza, si ni uongo? Nikamujibu kwa ujuzi wote niliokuwa nao: "Ulikuwa pale ao haukuwa? Vyungu vilikuwa pale ao havikuwa? Basi si uongo. Nakurudisha tu mahali pako." Alifikiri, akakubali. Aliniamini juu nilikuwa mutoto wa kwetu.

Kwa nguo nyeusi isingewezekana, kwa hiyo kesho yake nikamuletea kitenge changu cha Jumapili, nguo nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, ya manjano yenye manyoya ya tausi. Nilifikiri namupa heshima. Alikipapasa, akasema ni kizuri, akakivaa. Nikamwambia acheke kidogo, siku ile alikuwa anacheka. Alijaribu. Vyungu niliazima kwa wamama jirani wenye kuuza bukari, ugali wetu, nikavipiga picha peke yake. Nikatumia saa za chakula cha bosi siku nne. Mara hii sikukosea kitu kimoja: kopi, leya, kila leya na jina lake, vivuli vyote vinaanguka upande mumoja, mukono umerudi pa bega. Mama muzee sikuweza kumurudisha, sikuwa na uso wake popote. Lakini kwa ufundi, bosi mwenyewe asingeona.

Siku ya kumaliza matanga akaniomba niende naye, nikae kama ndugu yake, juu hakuwa na mwingine upande huu. Nikakaa na wanawake, watu watatu kati yangu naye. Muyomba, aliyeketi na wazee wa kanisa, alikuwa mwanaume mutaratibu, wa kusikiliza. Akapokea picha, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Hapa kuna vyungu," akasema. Akauliza vilipikwa nini, mwanamuke akavitaja vyote kwa mustari, kuku, maharagwe, samaki wa kukaushwa, kila kimoja na aliyekipika. Hakukosea, juu vilikuwa kweli. Muyomba akatikisa kichwa, akatia mukono mu mufuko wa koti na kutoa kitambaa chenye ushanga. Nilianza kupumua. Nilijiambia, umeona, imekwisha, hakuna aliyeumia.

Picha ilikuwa inazunguka kwa wanawake. Dada wa marehemu akaishika. Hakuangalia vyungu wala uso wala mukono. Aliangalia nguo.

"Hii kitenge," akasema polepole, "ya tausi, ilishuka ku soko wakati gani?"

Wanawake wakainama kuangalia. Hakuna mwanamuke Kashikishi asiyejua kila kitenge kilikuja musimu gani. Mutu atasahau siku mutoto wake alizaliwa, atakumbuka mwaka huo walikuwa wanavaa kitenge cha funguo ao cha feni. Na mimi, niliyekua chini ya meza ya vitenge, niliyepanga marobota na shangazi tangu sijaota meno ya ukubwa, sikufikiri hata kidogo. Mwanamuke mwenyewe hakujua, alikuwa mu nyeusi, hakukanyaga soko. Mwanamuke mumoja akasema, "Lakini si hii ilikuja juzi, nyuma ya ziwa kufunguliwa?" Mwingine alikuwa amekivaa pale pale. Akasimama ili wote waone.

Tausi walikuja wakati yule mwanaume ameshazikwa.

Muyomba akauliza: "Nani alitengeneza hii picha?"

Ilikuwa zamu yangu. Kila mutu mu maisha anapewa nafasi yake, yangu ilikuwa ile, na ilikuwa kubwa, na nilikuwa na muda wa kutosha. Nilimuona mwanamuke akigeuza kichwa kuja upande wangu, akaacha katikati, akaangalia mbele tena. "Ni mimi," akasema.

"Wewe unajua kompyuta?" muyomba akauliza. Mutu akacheka nyuma.

"Ni mimi," akarudia.

Nilinyamaza. Naweza kusema niliogopa bosi, niliogopa karatasi zangu za kukaa huku, na nitakuwa sidanganyi. Lakini kilichonifunga mudomo hasa ni kwamba nikisimama kusema picha ya pili ni yangu, nitaulizwa na ya kwanza, na yeye atasikia kama ni mimi niliyemutoa. Nilitaka aendelee kunipenda. Muyomba akakunja kitambaa cha ushanga, akakirudisha mu koti. Hakusema neno baya. Alisimama tu, na wazee wa kanisa wakasimama naye.

Kesho yake nikamuambia bosi yote. Hakunipigia kelele. Akavua tai, akaniuliza kama niliwahi kumusikiliza hata siku moja, halafu akasema niende kwa muyomba, niende leo. Nikaenda kwa miguu. Nikapiga magoti pa mulango wake nikaeleza kila kitu, kadi, vidole, tausi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto wangu," akasema, "unaweza kunionyesha ile picha ya kwanza?"

"Hapana, baba."

"Basi nikuamini namna gani? Picha ya peke yake ulitengeneza wewe. Picha ya vyungu ulitengeneza wewe. Leo umeniletea maneno, nayo ni wewe."

Nilipofika kwa mwanamuke, nyumba ilikuwa imefungwa. Alikuwa amevuka na boti ya asubuhi.

Ilinichukua karibu mwaka kuvuka. Nilijidanganya kwa kazi, kwa mafua, kwa nauli. Nilimukuta kijijini kwao nyuma ya nyumba, anageuza muhogo juu ya jiwe. Bado amevaa nyeusi. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za watu wa soko. Nikamuambia. Nilisema yote bila kupumzika, kwamba mashini haikula kitu, kwamba ni mimi, kwa mukono wangu, na kwamba nilicheka. Aliendelea kugeuza muhogo mpaka nikamaliza.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilitamani hata.

"Wewe ndiye mutu wa mwisho aliyeiona," akasema. "Mimi nimeanza kuisahau. Mama yangu, pale nyuma, alikuwa anacheka ao hapana?"

Sikujua. Nilimufuta kwanza juu alikuwa mwepesi, na uso wake sikuuangalia.

"Alikuwa anacheka," nikamujibu.